"Alikubali Mwenyewe"



Katika ukurasa kama huu tumezoea kuzungumzia wivu, mashemeji, ulevi na malezi ya watoto. Leo natamani tumzungumzie mtu ambaye katika nyumba zetu nyingi ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na ambaye hayumo katika picha ya familia iliyotundikwa ukutani. Ni msichana wa kazi. Wengine mnamwita yaya, wengine dada. Swali langu juu yake ni moja: mkishapatana naye mshahara, na yeye akakubali, je, mmekwisha kumtendea haki?

Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo. "Sisi hatukumlazimisha," husema. "Tulimwambia shilingi 7,000, akasema ni sawa. Alikubali mwenyewe. Asipotaka, mlango uko wazi." Jibu hili hutolewa na watu wema, watu wa jumuiya ndogo ndogo, wasiokosa Misa ya Jumapili. Kwa hiyo silidharau. Lina akili ndani yake. Katika mambo mengi makubaliano ndiyo kipimo cha haki. Mkipatana bei ya mbuzi sokoni, mwenye mbuzi akapokea pesa na wewe ukafungua kamba, hakuna wa kuja kesho kulalamika. Na ndoa yenyewe hufungwa kwa hiari ya watu wawili. Pasipo ridhaa hakuna ndoa. Basi kama ridhaa inatosha kuwafunga mume na mke maisha yao yote, mbona isitoshe kuweka mshahara wa mwezi mmoja?

Tuanzie hapo hapo kwenye ndoa, maana ni jambo mnalolijua. Siku ya harusi yenu padri aliwauliza kama mmekuja kwa hiari yenu, bila kulazimishwa. Hakuuliza kwa ajili ya kupamba ibada. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1103, inasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu, au kwa hofu kubwa inayomjia mtu kutoka nje, ni batili. Tena inaongeza jambo ambalo wengi hatulitazami: ni batili hata kama hakuna aliyekusudia kumtia mtu huyo hofu, mradi alijiona hana njia nyingine ya kuiponya nafsi yake ila kuingia katika ndoa hiyo. Msichana anayesema "ndiyo" mbele ya altare kwa sababu nyumbani kwao ameambiwa asirudi, midomo yake imekubali, yeye hajakubali. Kazi ya nyumbani si sakramenti, najua. Lakini sisi Wakatoliki tumefundishwa tangu zamani kwamba neno "ndiyo" ni kitu kimoja na ridhaa ni kitu kingine. Na kusema "sisi hatukumlazimisha" hakumalizi maneno, kwa sababu yawezekana kabisa aliyemlazimisha si ninyi. Ni njaa.

Tazameni kina mama wanaokaa kando ya barabara asubuhi katika mitaa ya Nairobi kama Eastleigh, wakingoja kuitwa kufua nguo. Saa moja asubuhi mama anataja bei yake na kuisimamia. Saa nne, kama hajaitwa, anaipunguza. Ikikaribia saa sita atachukua chochote, maana kuna mtoto wa kulishwa jioni. Anayemwita saa sita huenda nyumbani akijisifu kwamba amepatana vizuri. Lakini rundo la nguo halikupungua uzito kwa kuwa jua limepanda. Sabuni ni ile ile, maji ni yale yale, na mgongo utakaouma ni ule ule. Kilichopungua ni nguvu ya mama huyu ya kukataa. Bei aliyolipwa haikupima kazi yake. Ilipima shida yake.

Hili si wazo langu. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa waraka wake Rerum Novarum, wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwatumia wanaume, wanawake na hata watoto kwa ujira wa kuhurumiwa. Wenye viwanda wa siku zile walijitetea kwa maneno yale yale: walikubali wenyewe. Papa alikiri kwamba mwajiri na mfanyakazi wana uhuru wa kupatana. Kisha akafundisha kwamba ipo haki ya maumbile iliyo kubwa na ya kale kuliko mapatano yoyote, nayo yadai ujira utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Mtu akipokea masharti mabaya kwa sababu ya uhitaji, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa nguvu. Miaka mia moja na mmoja baadaye, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ililiweka jambo hilo wazi katika namba 2434: mapatano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuuhalalisha ujira mbele ya dhamiri. Mahali pengine Katekisimu hiyo hiyo inaihesabu dhuluma ya ujira wa mfanyakazi pamoja na dhambi zinazomlilia Mungu, katika safu moja na damu ya Abeli. Ni maneno mazito. Sijui kama tunayakumbuka tunapohesabu noti mwisho wa mwezi.

Lakini hebu tuligeuze jambo upande wa pili, tuone kama tunaliamini wenyewe. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56. Moja ya sababu ni kwamba Serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 zilizotokana na mkataba wa mwaka 2017. Serikali ilisema pesa hazitoshi. Wengi wetu, tukiwa sebuleni mbele ya runinga, tuliwaunga mkono vijana wale. Na kazini kwako, wewe baba au mama unayesoma, umepata kumsikia bosi akisema, "Barua ya kazi uliitia sahihi mwenyewe, na wanaoitaka nafasi hii wamejaa pale langoni"? Uliposikia hivyo uliona ni haki? Uliona ni mtu mwenye nguvu anayeutumia ukosefu wa kazi kama fimbo. Basi fimbo hiyo hiyo imo nyumbani mwetu, nyuma ya mlango wa jikoni.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme msichana analipwa shilingi 7,000. Anaamka saa kumi na moja kuwatayarisha watoto wa shule, na analala saa nne usiku vyombo vikishakauka. Mwondoleeni saa tatu za kula na kupumzika, ingawa nyumba nyingi hazimpi hizo. Zinabaki saa kumi na nne. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni kama shilingi 19 kwa saa. Pesa hizo hazimfikishi mtu mbali kwa matatu. Sheria yetu nayo haijanyamaza. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika miji kama Nairobi na Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mkataba ulioandikwa ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi. Sheria hiyo haisemi kwamba nyumbani ni mahali pengine.

Hapo wengi husema, "Lakini anakula kwetu na kulala kwetu." Ni kweli, na ni jambo la kuhesabiwa. Ila jiulizeni: analala kwenu kwa faida ya nani? Angelala kwake, nani angeamka usiku mtoto akitapika? Na zaidi ya hayo, mshahara wake haukukusudiwa kununua ugali anaoula jikoni kwenu. Yeye ana mama mzee, ana wadogo wanaohitaji karo. Mara nyingi ana mtoto wake mwenyewe aliyeachwa na nyanya yake huko kijijini, ili yeye aje kulea wa kwenu. Mtoto huyo wa kijijini halishwi na chakula anachokula mamake Nairobi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki kwa mtu mzima mwenye jamaa ni ule unaotosha kuianzisha na kuitunza familia. Sisi tunaosoma ukurasa wa familia tungependa neno hilo lihusu familia moja tu, yetu.

Sasa nifike mahali ambapo jambo hili linakuwa hasa la ndoa. Je, katika nyumba yenu ni nani anayemlipa? Muulizeni mume ghafla msichana analipwa pesa ngapi, na mara nyingi ataanza kumtazama mkewe. Katika nyumba nyingi mume hulipa kodi na karo, halafu humwambia mke, "Huyo ni msaidizi wako, mlipe wewe." Maana yake ni kwamba kupika, kufua na kulea ni kazi za mke, na mke akienda kazini basi anayeshika nafasi yake atolewe mfukoni mwake. Kama kwamba shati jeupe la baba lilijifua lenyewe. Mke naye huenda anapata shilingi 25,000 mumewe akipata 60,000. Akitoa nauli, akatoa ya chama, akanunua mboga na nepi, kinachobaki ni 6,000, na ndicho anachopewa msichana. Kisha tunamlaumu mama huyo kwa ubahili! Mimi naona dhuluma ile haikuanzia kwake. Ilianza kati ya wawili, na kama maji ikateremka hadi kwa aliye chini kabisa. Hakuna njia ya kumtendea haki msichana wa kazi katika nyumba ambayo mume na mke hawajatendeana haki kwanza katika mambo ya pesa. Mshahara wake utoke katika mfuko wa wote wawili, kila mmoja akitoa kwa kadiri ya anachopata. Nyumba ni ya wote na watoto ni wa wote.

"Lakini hatuna." Neno hili linahitaji kuchunguzwa kwa uangalifu, kwa sababu wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine si kweli.

Papa Pius wa Kumi na Mmoja alilichunguza mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo Anno. Alisema katika kupanga ujira ni lazima kutazama pia hali ya biashara ya mwajiri, maana si haki kudai mshahara utakaoiangusha, wafanyakazi wenyewe wakaangamia pamoja nayo. Lakini akaongeza: kama biashara inapata kidogo kwa sababu ya uvivu au uzembe wa mwenyewe, hiyo si sababu ya haki ya kuwapunguzia watu ujira wao. Ihamisheni hoja hiyo nyumbani. Familia iliyonunua runinga ya ukuta mzima kwa kulipa polepole, iliyobadilisha sofa kwa sababu majirani wamebadilisha, iliyompeleka mtoto wa miaka minne katika akademi ambayo karo yake inawatoa jasho ili ionekane nao wamo, ikifika mwisho wa mwezi itasema kwa kweli kabisa kwamba haina. Mfuko umekauka. Lakini mfuko huo haukukaushwa na umaskini.

Na tazameni jinsi unavyokauka. Mwenye nyumba asipolipwa atafunga mlango kwa kufuli. Shule isipolipwa itamrudisha mtoto. Mkopo wa simu usipolipwa, ujumbe utaingia asubuhi na jioni. Kila deni lina meno yake. La msichana wa kazi halina meno, kwa hiyo ndilo linalongoja. "Nitakupa wiki ijayo." "Acha nikuwekee mpaka Desemba uende nayo nyumbani." Mtu huyu ndiye maskini kuliko wote wanaowadai, na ndiye mnayemkopa bila riba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu anaamuru kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu ameutegemea. Ushauri wangu hapa ni mfupi: siku mshahara unapoingia, wa kwanza kulipwa awe yeye. Sofa ingoje.

Wako basi wale ambao kweli hawana. Mume na mke wanaopata jumla ya shilingi 30,000 mjini, wakilipa kodi na nauli, hawawezi kutoa 16,000 wakabaki hai. Siwahukumu. Laborem Exercens inatukumbusha kwamba yupo pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani taratibu na vyombo vinavyoyapanga mazingira ya kazi, na Serikali ikiwa mbele. Kampuni inayomlipa mama ujira duni inashiriki katika kumlipa duni anayemwachia mtoto. Lakini umaskini wetu unatupa ruhusa gani hasa? Ukienda buchari na pesa za nusu kilo, unabeba nusu kilo. Humwambii mwenye buchari, "Nipe kilo nzima, nitalipa nusu, maana mimi ni maskini." Na kazi ya mtu ni hivyo hivyo. Msipoweza kumlipa wa kukaa usiku na mchana, ajirini wa saa chache, anayekuja asubuhi na kuondoka mchana akiwa huru kutafuta kwingine. Au wa siku tatu kwa wiki. Nyumba mbili za ploti moja zaweza kupatana na mtu mmoja na kumlipa kwa pamoja, mradi kazi isiwe ya nyumba mbili kwa muda wa nyumba moja. Wengine huwapeleka watoto mchana katika kituo cha kuwatunza. Na kazi itakayobaki igawanywe. Baba anaweza kufua shati lake Jumamosi. Maji hayachagui mikono.

Kuna njia nyingine ambayo watu huikimbilia, nayo naiogopa kuliko zote: kumleta binti wa jamaa kutoka kijijini. "Huyu si mfanyakazi, ni mtoto wetu." Ni mtoto wenu? Basi watoto wenu wengine wanapovaa sare na kwenda shule asubuhi, yeye yuko wapi? Akiwa yuko sinkini, na jioni anakula baada ya wengine, na mwisho wa mwezi hapewi kitu kwa kuwa ni "wa nyumbani", basi mmechukua kazi ya mtumishi bila hata ule ujira mdogo, na jina la mtoto bila haki za mtoto. Hapo hakuna hata yale makubaliano tuliyoanza nayo. Aliyekubali ni mjomba wake.

Na yale makato madogo madogo je? Kikombe kimevunjika, shilingi 200. Shati limeungua kwa pasi, shilingi 800. Sheria ya Ajira inaruhusu kukata kiasi cha kadiri kwa hasara iliyosababishwa kwa makusudi. Kikombe kilichoteleza katika povu saa tatu usiku hakikukusudiwa. Ninyi mkivunja chenu mnakifagia tu.

Huulizwa pia swali hili, nalo ndilo gumu kuliko yote: "Tumeelewa, tutaongeza kuanzia mwezi ujao. Je, na miaka minne iliyopita?" Wengi wangependa niseme yaliyopita yamepita. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu Katekisimu, namba 2412, inasema kilichochukuliwa pasipo haki ni cha kurudishwa. Waliokuwa kweli hawana, na wakatoa walichoweza, tayari wamejibiwa hapo juu. Lakini wale ambao mshahara wa msichana uligeuka kuwa sofa wana deni, na deni halifi kwa sababu mdai hajui kuhesabu. Kaeni wote wawili mezani, na daftari. Andikeni aliyolipwa na aliyostahili kwa haki. Huenda hamwezi kulipa yote kwa mara moja, basi lipeni kidogo kidogo kama mnavyolipa madeni mengine, au mkubaliane naye kulipa karo ya mtoto wake, kama yeye mwenyewe atapenda iwe hivyo. Mwambieni wazi ni deni mnalolipa, asije akaondoka akiwashukuru kwa kilicho chake. Na kama aliacha kazi zamani akaenda zake, huenda namba yake bado imo katika simu ya mmoja wenu.